Majaribio au kweli? Tusimtoe kafara kijana wa kompyuta



Leo naomba tuongee jambo ambalo kwa juu juu linaonekana la mafundi wa kompyuta peke yao. Vumilieni kidogo, mtaona kwamba linatuhusu sote tunaolipa bili, kukopa na kutuma hela kwa simu.

Miaka kadhaa iliyopita, usiku kama saa tano hivi, simu yangu ililia. Kufungua nakuta ujumbe: "JARIBIO 3. Mpendwa mteja, deni lako limepita muda wa malipo." Sikuwa nadaiwa na taasisi ile, niliwahi tu kujiandikisha nikaacha. Baada ya dakika mbili ukaingia mwingine, JARIBIO 4. Halafu wa tano. Nikacheka, nikazima simu, nikalala.

Asubuhi sikucheka tena. Jirani yangu, mama mmoja mwenye genge la mboga, yeye alikuwa anadaiwa kweli. Aliniambia hakulala, alikaa usiku kucha anapiga hesabu ya nani amwazime hela. Neno "jaribio" hakulitilia maanani kabisa, alichoona ni deni. Mchana tukapokea ujumbe wa kuombwa radhi kwa "hitilafu ya kiufundi". Baadaye nikasikia kwa jamaa tunaofanya naye kazi hizi kwamba kijana aliyeendesha majaribio usiku ule amesimamishwa. Basi, kesi imefungwa.

Mimi nasema kesi haikufungwa. Kijana yule alifanya kosa, sawa. Ila mtego ulitegwa na waliotengeneza utaratibu, na mtego ule ule umetegwa sehemu nyingi hadi leo.

Tuelewane kwanza. Mifumo ya siku hizi inaongea yenyewe kwa yenyewe. Ukilipa umeme kwa simu, mfumo wa simu unauliza mfumo wa umeme, unajibiwa, unakata hela, unaleta namba za luku. Mlango ambao mfumo mmoja unapitia kuongea na mwenzake ndio unaitwa API. Kabla ya kuifungulia milango hiyo wateja, mafundi huijaribu, tena si kwa mkono. Wanaandika orodha ya maombi mia au mia tatu, kisha kompyuta inayatuma yote na kukagua majibu. Hayo ndiyo majaribio ya kujiendesha.

Sasa, ili majaribio yasiguse hela za watu, kunakuwa na mifumo miwili inayofanana. Mmoja ni wa majaribio, mwingine ndio wa kweli. Mafundi huita kila kimoja "mazingira". Mfano tunaoufahamu Afrika Mashariki ni Daraja, ile API ya M-Pesa ya Safaricom huko Kenya. Anwani yake ya majaribio inaanza na neno sandbox, ya kweli inaanza na api. Ombi la kusukuma malipo ni lile lile. Kinachobadilika ni anwani, funguo na namba ya biashara. Yaani umbali kati ya mazoezi na hela ya mtu ni maneno machache ndani ya faili.

Ukifanya kazi hii kwenye programu yenye madirisha na vitufe, kama Postman, jina la mazingira unayotumia unaliona limeandikwa pembeni juu. Unaweza kukosea, lakini angalau jicho linasaidia. Matatizo yanaanza unapohamia dirisha la amri, lile jeusi lisilo na picha. Huko ndiko majaribio ya kujiendesha yanakofanyika kwa wingi, kwa sababu amri inaweza kupangwa ijiendeshe yenyewe saa nane za usiku bila mtu. Kwa Postman, programu mojawapo ya dirisha la amri inaitwa Newman, na amri yenyewe ni fupi:

newman run malipo.json -e majaribio.json

Faili la kwanza ndiyo orodha ya maombi. Ile -e ndiyo inayotaja mazingira. Sasa jiulize: ukiisahau inakuwaje?

Hapo ndipo pa kukaa kidogo. Kama anwani imeandikwa ndani ya faili la mazingira peke yake, Newman haina pa kuipata, maombi yanakwama, unaona makosa mekundu, unajua umesahau. Hiyo ni salama. Lakini kama kuna mtu aliweka anwani ya kweli ndani ya orodha yenyewe ya maombi, "ili iwe rahisi kuanza", Newman itaichukua hiyo. Majaribio yataenda vizuri kabisa, kijani tupu mpaka mwisho, kumbe umeshagonga mlango wa kweli mara mia tatu.

Njia ya pili ya kuumia ni kumbukumbu. Kuna wanaoweka jina la mazingira kwenye kigezo cha mfumo. Jana mchana uliandika export MAZINGIRA=halisi ili uangalie kitu kimoja, ukaenda kula, ukarudi. Dirisha lile bado linakumbuka, wewe umesahau. Programu nyingine zinakumbuka hata ukifunga dirisha. Mafundi wa seva wanaifahamu kubectl: ukibadilisha mahali unapofanyia kazi, inaandika kwenye faili, na dirisha jingine linalosoma faili hilo nalo linahama bila kukuambia.

Njia ya tatu ni jina la uongo. Faili linaitwa majaribio.json, lakini mtu alilinakili kutoka la kweli akasahau kubadilisha anwani ndani. Hapo utataja mazingira kwa usahihi na bado utapotea.

Angalieni vizuri njia zote tatu. Hakuna hata moja ambayo dawa yake ni "kijana awe makini zaidi".

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kwetu tu, wenzetu walioendelea hawana ujinga huu. Hebu tuone.

Tarehe 12 Januari 2020, Jumapili, saa 1 na dakika 23 asubuhi, wakazi wa jimbo la Ontario, Canada, waliamshwa na tahadhari kwenye simu, redio na televisheni: kuna tukio kwenye kinu cha nyuklia cha Pickering, jirani na jiji la Toronto. Jimbo lina watu zaidi ya milioni 14. Hakukuwa na tukio lolote. Uchunguzi wa serikali ya jimbo ulieleza kwamba afisa wa zamu alikuwa anafanya jaribio la kawaida la kubadilishana zamu. Aliamini ameshatoka kwenye mfumo wa kweli na ameingia kwenye ule wa mafunzo. Hakuwa ametoka. Taarifa ya kufuta tahadhari kwa njia ile ile ilipita saa 3 na dakika 11, yaani dakika 108 baadaye.

Miaka miwili kabla, tarehe 13 Januari 2018, watu wa Hawaii walipata ujumbe kwamba kombora linakuja na hayo si mazoezi. Walikaa dakika 38 ndipo simu zao zikaletewa masahihisho. Kuna watu walificha watoto kwenye mashimo ya maji ya mvua. Siku ile ile serikali ya jimbo ilisema mfanyakazi amebonyeza pasipo. Uchunguzi wa tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ulileta picha tofauti kidogo: mfanyakazi alisema aliamini shambulio ni la kweli, kwa sababu zoezi lenyewe lilikuwa na maneno "hili si zoezi" katikati yake. Ila uchunguzi huo huo ulikuta jambo la kutushtua sisi tunaopima programu. Ujumbe wa majaribio na wa kweli vilitumwa kutoka kwenye orodha moja, na swali la mwisho la "una uhakika unataka kutuma?" lilikuwa lile lile kwa vyote viwili. Na mtu mmoja alitosha kutuma, hakuhitajika wa pili kukubali.

Swali linalofanana kila siku halisomwi. Mkono unajibu "ndiyo" wenyewe. Wewe mwenyewe unapotuma hela kwa simu, ni mara ngapi unasoma lile jina kabla ya kuweka namba ya siri?

Tuje kwa mafundi wenyewe, tena mabingwa. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayohifadhi programu za watu dunia nzima, ilikuwa na tatizo la seva usiku. Fundi wao, amechoka, aliamua kufuta data kwenye seva ya akiba ili aanze upya. Aliandika amri ya kufuta kwenye seva kuu. Sekunde chache baadaye akashtuka, akasimamisha. Kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki nne na nusu. Wakaenda kwenye nakala za akiba, wakakuta karibu kila njia waliyoitegemea haifanyi kazi. Kilichowaokoa ni kopi iliyochukuliwa saa sita kabla, tena kwa ajili ya mazingira ya majaribio! Walipoteza data za hizo saa sita.

Na mwezi Julai 2025 ikaja ya kizazi kipya. Msaidizi wa akili bandia wa kampuni ya Replit, aliyepewa kazi ya kusaidia kutengeneza programu, alifuta hifadhidata ya kweli ya mteja, wakati ameambiwa wazi kwamba asibadilishe kitu. Mkuu wa kampuni, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani, na moja ya marekebisho aliyotangaza ni kutenganisha hifadhidata za matengenezo na za kweli bila mtumiaji kuombwa afanye hivyo. Msomaji, unaona? Hata pale ambapo hakuna kijana wa kulaumiwa, mashine inaanguka kwenye shimo lile lile. Shimo ndilo tatizo.

Sasa turudi kwenye siasa ya jambo hili, maana ipo.

Mfumo ukigonga watu, wakubwa wanakuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kutafuta mtu wa chini, kumsimamisha, kutoa tangazo la mistari mitatu. Inafurahisha wananchi na inaisha haraka. Njia ya pili ni kueleza hadharani nini kilitokea, hatua kwa hatua, na nini kitabadilishwa. Hawaii walimfukuza mfanyakazi, ni kweli, lakini mkuu wa idara naye alijiuzulu na ripoti zikatolewa kila mtu asome. Ontario walichapisha uchunguzi wao ndani ya wiki chache. GitLab walifanya zaidi: kazi ya kurejesha data waliirusha moja kwa moja kwenye intaneti, watu wakaangalia, na baadaye wakaandika kila kosa lao. Hawakumtaja fundi kwa jina. Kati ya waliyojipangia kurekebisha ni kubadilisha mstari wa kuandikia amri, ili kila seva ionyeshe wazi ni ipi na iko mazingira gani.

Sisi huku mara nyingi tunachagua njia ya kwanza. Ndiyo maana taasisi moja inateleza leo, jirani yake anateleza mwakani kwa ganda lile lile, kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba kuna ganda. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini utaepukaje kurudia kosa ambalo hujasimuliwa?

Naomba nitoe mapendekezo ya kiufundi, kwa lugha ya kawaida. Mafundi wataniongezea.

Kwanza, mazingira yatajwe kila mara na pasiwe na chaguo la kimya kimya. Mtu akisahau kutaja, amri ikatae. Si kazi ngumu, ni mistari michache tu:

case "$1" in
  majaribio) ;;
  *) echo "Taja mazingira: majaribio"; exit 1 ;;
esac
echo "Naenda kwenye mazingira ya: $1"
newman run malipo.json -e "$1.json"

Hapo ukiandika jina lisilojulikana, au usipoandika kitu, hakuna kinachotumwa. Na ona kwamba jina "halisi" halimo kabisa kwenye orodha. Anayetaka kugusa mfumo wa kweli atumie amri nyingine, yenye jina jingine, na mwenzake awe amekubali.

Pili, kompyuta ya majaribio isiwe na funguo za kweli. Huu ndio ulinzi mkubwa kuliko wote. Ukikosea anwani lakini funguo ni za majaribio, mlango wa kweli utakukatalia. Wengi wetu tunaweka funguo zote kwenye folda moja "kwa urahisi". Ni sawa na kumpa mtoto anayejifunza kuendesha funguo za gari lake la mafunzo na za basi la abiria kwenye pete moja.

Tatu, mfumo wa kweli wenyewe ujue kwamba ni wa kweli. Watengenezaji wa Ruby on Rails walifanya hivi kwenye toleo la 5, mwaka 2016: hifadhidata inaandikiwa ndani yake ni ya mazingira gani, na ukiiamuru ifutwe wakati imeandikiwa ni ya kweli, inakataa mpaka uvunje kizuizi kwa makusudi. Faili lenye jina la uongo linanaswa hapo.

Nne, data za majaribio zisiwe za watu. Hapa ndipo jirani yangu aliponaswa. Hata kama mazingira yamekosewa, orodha ya namba za simu ingekuwa ya kubuni, au ya wafanyakazi wenyewe, yeye angelala usingizi wake. Kunakili wateja wa kweli kwenda kwenye majaribio si uzembe tu, ni suala la sheria. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wenye mifumo wajiulize, yule mama alikubali lini namba yake itumike kufanyia mazoezi?

Najua hoja mbili zitakazoletwa, na zote zina uzito.

Ya kwanza: "Mazingira ya majaribio hayafanani na ya kweli. Kuna makosa huwezi kuyaona mpaka uguse mfumo wa kweli." Ni kweli kabisa, nimeyaona mwenyewe. Mfumo wa majaribio una wateja kumi, wa kweli una mamilioni. Kwa hiyo sisemi mfumo wa kweli usiguswe. Nasema majaribio yake yawe machache, yawe ya kusoma tu bila kuandika, yawe kwenye orodha yake peke yake, na anayeyaendesha ajue anayaendesha. Shida si kugusa mfumo wa kweli. Shida ni kuugusa ukidhani uko kwenye mazoezi.

Ya pili: "Sisi kampuni ndogo, hatuna hela ya seva mbili." Hii naielewa zaidi, maana wengi tulianzia hapo. Lakini hifadhidata mbili zenye majina na nywila tofauti zinaweza kukaa kwenye seva moja, na funguo za majaribio za wenye API nyingi ni za bure. Kinachokosekana hapo mara nyingi ni siku mbili za kazi ambazo bosi hataki kuzitoa kwa sababu mteja anasubiri. Kijana anaambiwa "tuma leo, tutapanga baadaye". Baadaye ikifika na SMS zake za saa tano usiku, bosi huyo huyo anauliza nani aliyebonyeza.

Nimalizie kwa upande wa serikali. Siku hizi huwezi kulipia kiwanja, leseni wala faini bila namba ya malipo kutoka kwenye mfumo. Hilo ni zuri, foleni zimepungua na risiti za mkononi zimepungua. Ila inamaanisha kwamba amri moja iliyokwenda mahali pasipo inaweza kugusa watu wengi kuliko tangazo lolote la mkuu wa wilaya. Zabuni za mifumo hii zinauliza uzoefu wa kampuni, zinauliza bei. Ziulize na haya: majaribio yanaendeshwa wapi, kwa funguo gani, kwa data za nani, na mtu akisahau kutaja mazingira nini kinatokea? Kampuni ikishindwa kujibu swali la mwisho ndani ya dakika moja, jibu mnalo.

Yule kijana sikuwahi kukutana naye. Nasikia alipata kazi kwingine. Taasisi ile nayo bado ipo, inaendelea kukopesha. Sijasikia kwamba amri yake ilirekebishwa, ndiyo maana simu yangu nikilala naiweka mbali.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mafundi mliowahi kugonga mfumo wa kweli mkidhani ni wa majaribio, leteni visa vyenu, hata bila majina. Na wateja mliowahi kupata hizo "JARIBIO 3", mlifanyaje?